Viraka vya Ndani

Malindi, Lushoto
4 Februari 2024

Mwanangu Yunis,

Boti yenu imefika. Severin aliipandisha kwenye lori lake la mboga, ambalo hupanda tupu siku zote, akaishusha mbele ya nyumba yangu Jumatano saa nne asubuhi. Kufikia saa tano kijiji kizima kilikuwa kimekuja kuitazama. Wagoshi, wanaume wa huku, hawana kazi. Wananiita Nuhu. Hata mchungaji, mtu mzima yule, ameniuliza kama nimeonyeshwa lolote kuhusu mvua za mwaka huu. Nimemjibu kwamba ndani nafasi za wachungaji zimejaa.

Nimeikagua. Aluminiamu yake ni nzito, si kama hii ya sufuria za siku hizi zinazopinda ukizitazama kwa jicho kali. Lakini imelala nje kwenye lile shamba la mkonge tangu lilipofungwa, mbuzi wakiipanda na watu wakianika nguo juu yake, na kitako kimetoboka. Nimehesabu matundu kumi na saba, mengine yanaingia kidole gumba. Ribiti, zile pini zinazoshika mabati, zimelegea na rangi imebabuka. Hakuna cha kunitisha hapo. Tangu kinu cha mbao kilipofungwa nimeziba sufuria za Malindi nzima, na sijaona mwanamke aliyenirudishia sufuria yake akasema inavuja.

Mwambie mkwe wangu Elinuru atulie. Najua mtumbwi wake wa mti umeoza, na sasa anavua kwa kuomba nafasi katika vyombo vya watu. Masika hayatamkuta hivyo.

Ukiniandikia tumia kalamu nyeusi, ya buluu siioni vizuri. Na usimpigie shangazi yako Esteria simu ili aje kunipigia kelele sikioni. Masikio niliyaacha kwenye msumeno wa kinu. Macho ya kusomea barua ninayo bado.

Baba yako,
Nathanaeli


Kwemazi Bwawani
13 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Kalamu ni nyeusi, kama ulivyoagiza. Severin aliiacha barua yako dukani kwa Zakia pale barabarani. Elinuru aliisoma akiwa amesimama, akacheka habari ya Nuhu mpaka Janeth naye akacheka bila kujua anacheka nini. Mjukuu wako ameanza darasa la kwanza mwezi uliopita na tayari anajua kukukosoa mwandiko.

Nikuambie ukweli, baba, wazo la kuileta boti kwako lilikuwa langu. Wenzake Elinuru walitaka aipeleke Tanga kwa mafundi wa vyombo. Mimi nikasema, kwa nini twende kwa watu tusiowajua, wakati baba yangu ameshika aluminiamu miaka yote hii. Kwa hiyo usiniaibishe.

Nina neno moja tu. Sisi wawili tumezaliwa milimani, maji tuliyoyajua ni ya kuvuka kwa kurukia mawe. Elinuru anavua mwaka wa nne sasa na kuogelea bado hajui. Mimi nikimwona anaingia katikati ya bwawa narudi ndani, siwezi kutazama. Tafadhali iwe imara.

Joto la mwaka huu ni la kutisha. Mishumaa niliyoiweka sandukuni imejikunja yote.

Mwanao,
Yunis


Malindi
10 Machi 2024

Mwanangu Yunis,

Kazi imekwisha, na nitakueleza yote ili umsomee mkwe wangu.

Nilianza na msasa, wiki mbili. Esteria anasema hata siku ya harusi yangu sikujisugua hivyo. Kisha viraka. Bati la dukani ni jembamba, nikaliacha. Nimekata vitako vya sufuria kuukuu, na kimojawapo ni cha ile sufuria kubwa ya marehemu mama yako, aliyokuwa akiazimwa na kijiji kizima kwa harusi na misiba. Nilidhani utapenda kujua kwamba mama yako yumo.

Kila kiraka nimekilaza kwa ndani. Hapo ndipo unapomjua fundi. Mafundi wa kubahatisha huziba sufuria kwa nje, moto ukakila kiraka na mafiga yakakisugua, mwezi haupiti kimeng'oka. Mimi huziba ndani. Chini ya kiraka nimeweka lami ya moto, pembeni ribiti nne. Lami ililala kwenye baridi yetu ikawa jiwe, ukiigonga kwa ukucha inalia.

Halafu nikaijaribu. Tuliiegemeza kwenye magogo, kina mama wa kwaya wakapanga mstari kutoka mtoni na ndoo, wakiimba, tukaijaza maji hadi karibu na mdomo. Maji yalikaa siku tatu. Kila asubuhi na kila jioni nilipitisha kiganja chini ya kitako. Kikavu. Hata tone moja halikutoka.

Severin anaishusha Ijumaa. Nimeipaka rangi ya kijani, maana ndiyo iliyobaki baada ya kupaka milango ya kanisa.

Baba yako,
Nathanaeli


Kwemazi Bwawani
24 Machi 2024

Shikamoo baba,

Boti tumeipokea, na imekuwa gumzo la bwawa zima. Inapendeza. Janeth amekuwa akimwonyesha kila apitaye kiraka cha sufuria ya bibi yake.

Elinuru aliizunguka mara tatu, akachungulia ndani, akapapasa viraka kwa kidole, kimoja kimoja. Nikamuuliza, kuna nini? Akasema hakuna, kazi ya mzee ni safi. Siku ya pili akaiingiza majini pamoja na Yusuph, yule mwenzake anayevua naye, wakarudi salama na perege ndoo nzima.

Baba, usikasirike, nauliza tu kwa kuwa sijui. Yusuph amezaliwa pembeni mwa maji, huko Pangani. Anasema kwao kiraka cha chombo hubandikwa kwa nje, ili maji yakisukuma yakikandamize. Anasema cha ndani maji hukisukuma kije juu. Elinuru alimnyamazisha palepale, akamwambia asimfundishe kazi baba mkwe wake. Yusuph akaomba radhi na mambo yakaisha.

Jambo jingine ni lami. Huku haiwi jiwe. Saa sita mchana inang'aa, na Elinuru akirudi ananiachia nyayo nyeusi sakafu nzima. Nimesugua kwa sabuni hadi nimechoka.

Elinuru hajui kwamba nimekuuliza haya. Nakuomba usimtaje katika majibu yako.

Mwanao,
Yunis


Malindi
1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Yunis,

Nimekusoma. Sikukasirika, ila nimeshangaa.

Huyo Yusuph ameziba sufuria ngapi? Mwambie aje Malindi nimpe moja aizibe kwa nje, tuitenge kwenye moto, tuone nani atakula makande jioni. Maji ni maji. Kiraka kinachoyazuia yasipite kuelekea huku, kitayazuia yasipite kuelekea kule. Niliijaza maji siku tatu, mwanangu. Siku tatu.

Lami kutoa jasho wakati wa joto ni kawaida yake. Nyunyiza majivu juu. Kuhusu sakafu, tumia mafuta ya taa. Sabuni haiwezi lami hata ukisugua mpaka Krismasi.

Elinuru mwenyewe anasemaje? Yeye ndiye mwenye chombo. Kama inavuja, aseme yeye kwa mkono wake, nami nitashuka. Kama haivuji, basi tuache kusikiliza maneno ya watu.

Baba yako,
Nathanaeli


Kwemazi Bwawani
14 Aprili 2024

Shikamoo baba,

Elinuru amekaa hapa karibu yangu ninapoandika. Anakusalimu kwa heshima nyingi, anasema boti ni nzima, haivuji hata tone, na wenzake wote wanaionea wivu. Anasema usijisumbue kushuka, barabara ya Soni ina matope na umri umekwenda.

Masika yameanza kweli. Bwawa limepanda limemeza shamba la mtama la jirani, na samaki wamehamia katikati, kwenye kina. Siku hizi Elinuru na Yusuph wanakwenda mbali, sioni boti tena nikiwa mlangoni. Elinuru amechukua ndoo niliyokuwa nikimwogeshea Janeth. Anasema ni ya kuwekea samaki.

Nilitaka kuandika mengine, lakini nitayaandika siku nyingine.

Mwanao,
Yunis


Malindi
2 Juni 2024

Mwanangu mpendwa,

Sijui namna ya kuanza, kwa hiyo sitaanza vizuri.

Tangu turudi kutoka kumzika Elinuru kwao Sigi sijalala sawasawa. Nakuona ulivyokaa pale kwenye mkeka na Janeth mapajani. Wakwe zako walikuwa wema kwako, namshukuru Mungu kwa hilo. Miaka thelathini na minne si umri wa mtu kuwekwa udongoni, na mimi mwenye sabini na moja nimesimama natazama.

Pale msibani nilijaribu kuuliza ilivyotokea. Watu walifungua vinywa karibu na sikio langu, nikasikia mvumo tu, nikatikisa kichwa kama kawaida yangu. Yusuph nilipomsogelea aliinuka akaenda kuchota maji. Nani amwendee mzee kiziwi na karatasi kwenye msiba? Sikuwalaumu.

Niandikie wewe. Ilikuwaje? Na boti iko wapi? Ningependa kuiona.

Baba yako,
Nathanaeli


Kwemazi Bwawani
16 Juni 2024

Shikamoo baba,

Ulikuwa upepo. Ulivuma ghafla kutoka upande wa milima, wakiwa katikati, ukaipindua boti. Yusuph aliogelea. Elinuru unajua hakujua kuogelea. Ni kazi ya Mungu, haina makosa.

Boti ilizama kwenye kina. Haikupatikana.

Usijitese, baba. Kula, uvae sweta, baridi ya Juni huko naijua.

Mwanao,
Yunis


Malindi
21 Julai 2024

Mwanangu Yunis,

Upepo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na leo nina nguvu ya kuijibu.

Nina habari ambayo natumaini itakufariji. Unakumbuka lile shamba la mkonge lilikuwa na boti tatu. Mbili zilizobaki zimenunuliwa na Sefania na ndugu zake, wavuvi wa mabwawa ya upande wa Mkomazi. Waliiona boti ya Elinuru mwezi wa nne, wakaipenda, wakaniuliza kama naweza kuwafanyia kama ile. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Zimeshapandishwa, ziko uani kwangu, na kwaya tayari wameulizwa habari ya ndoo.

Nazifanya kwa mkono uleule: viraka ndani, lami, ribiti nne. Hapa ni wakati wa baridi, lami inakauka mpaka inapendeza. Ya kwanza imekaa na maji siku nne. Hata tone. Nikiwa na nyundo mkononi najisikia kama Elinuru hakwenda bure. Watapanda watu sita katika kila moja, nami nitakuwa nimefanya jambo.

Natumaini kuzishusha zote mbili katikati ya Agosti.

Baba yako,
Nathanaeli


Malindi
28 Julai 2024

Kwa Yunis,

Mimi shangazi yako Esteria, naandika mwenyewe. Simu ya juzi uliikata ukilia, na mambo haya siwezi kuyasema dukani kwa watu ninakopata mtandao.

Nilikuelewa vizuri. Hukutaja upepo, ulitaja viraka. Tangu hapo nami sina raha. Lakini sikiliza, mwanangu. Kaka yangu presha yake mwezi wa sita ilipanda mpaka daktari akanitazama mimi badala yake. Alikuwa akikaa mlangoni kutwa, uji unapoa. Tangu boti hizi zije anaamka anaimba, anakula, anagombana na kuku. Ukimwambia kwamba ndiye aliyemuua mkwewe kwa mikono yake, utamzika kabla ya mavuno ya maharage. Nawe utajibu nini kwa Mungu? Umeshapoteza mume, unataka na baba?

Uliniomba nimwambie mimi. Sitafanya hivyo. Kumwambia kiziwi ni kupiga kelele, na neno hilo sitalipigia kelele ndani ya nyumba hii.

Hao akina Sefania ni watu wazima, wana macho, boti zikivuja wataona. Mwachie Mungu.

Shangazi yako,
Esteria


Kwemazi Bwawani
4 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Barua hii Severin atakupa mkononi. Nimemwomba asiondoke mpaka uimalize. Kaa chini kwanza.

Nilikudanganya. Hapakuwa na upepo. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, maji yametulia kabisa. Nitakueleza kama Yusuph alivyonieleza, maana alinieleza mimi peke yangu, na watu wengine wa hapa niliwasihi wakae kimya nao wakanionea huruma.

Lami ilikuwa imelainika kama uji. Walikuwa kwenye kina, nyavu zimejaa, boti imeshuka kwa uzito. Kiraka cha katikati kikanyanyuka upande mmoja, ribiti mbili zikachomoka. Elinuru akakikanyaga kwa mguu. Kikanyanyuka cha pili. Akapiga magoti, akavikandamiza vyote viwili kwa mikono, huku Yusuph anateka maji kwa ndoo ya Janeth. Kikaachia cha tatu. Elinuru akasema, wewe unajua maji, ogelea ukalete mtumbwi, mimi nitashikilia. Yusuph akaruka. Alipogeuka kutazama nyuma, aliona ndoo inaelea.

Baba, sufuria huzuia maji yasitoke. Boti huzuia maji yasiingie. Ulipoijaza pale uani, maji ya kina mama yalikuwa yanavikandamiza viraka vyako vishike. Huku maji yalikuwa chini, yanavisukuma. Na lami iliyokuwa jiwe kwako, kwetu haikuwa jiwe hata siku moja.

Elinuru alijua tangu wiki ya kwanza. Kila siku aliporudi aliipindua boti, akaikausha, akapasha kijiko motoni na kuirudishia lami kidogo kidogo. Nilimwomba akuandikie. Alisema mtu hamwambii baba mkwe wake kwamba kazi yake inavuja, labda awe hana adabu. Alisema mwisho wa masika ataipeleka kwa fundi kimyakimya, nawe hutajua. Ile barua ya Aprili niliiandika yeye akiwa kando yangu, ananiambia maneno, nami nikayaandika. Nilikuwa na kalamu mkononi, baba, nikaandika hata tone. Sitakuachia wewe peke yako mzigo huu. Mimi ndiye niliyesema boti iletwe kwako, na mimi ndiye niliyeandika.

Na boti haikupotea. Waliivuta siku ya tatu. Iko nyuma ya nyumba yangu, nimeifunika kwa turubai. Kiraka cha mama bado kipo. Hicho hakikuachia.

Shangazi amenikataza kukuambia. Usimgombeze, anakupenda. Nami niliona heri nikuandikie mwenyewe, kwa mkono wangu, kuliko neno hili likuingie kwa kelele za mtu mwingine sikioni. Nilitaka nisikuandikie kabisa. Nililia juu ya jambo hili wiki nzima. Lakini umesema watu sita katika kila boti. Wanaume hao wana wake zao, ambao nao wanarudi ndani wasiweze kutazama, kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Vibandue, baba. Vyote. Usimpe mtu boti hizo.

Ukinichukia nitaelewa.

Mwanao,
Yunis


Malindi
9 Agosti 2024

Yunis,

Barua yako niliisoma jana, Severin amesimama mlangoni kama ulivyomwagiza. Hakuondoka mpaka nilipoikunja. Ni kijana mzuri.

Boti moja ilikuwa imekwenda. Nilifanya haraka kuliko nilivyokuambia, na wenyewe walikuja na gari lao tarehe moja. Ya pili nimeibandua leo asubuhi, viraka kumi na viwili, nimevitupa chooni. Kwaya walikuja na ndoo zao wakanikuta na patasi. Niliwaambia warudi nyumbani, na niliwaambia sababu. Nimesema kwa sauti kubwa, maana sijui tena sauti yangu ilivyo. Hawakuimba.

Esteria amempigia simu Sefania. Anasema boti iko majini tangu Jumamosi, haijavuja hata tone, anaisifu sana. Jua la huko bado halijawa kali, lami imeshika, ndiyo maana. Nikamwambia Esteria amwambie aitoe majini leo leo. Sefania akacheka. Alisema, mzee ana majonzi ya mkwewe, mpikieni chai. Tumepiga tena mara nne, simu haipatikani.

Kwa hiyo nashuka na Severin mchana huu, juu ya kabichi kama hakuna nafasi mbele. Nimechukua patasi na nyundo. Nitakwenda kwa Sefania kwanza, nitaibandua boti ile mbele ya macho yake, hata kama wakinipiga. Barua hii Severin ataiacha kwa Zakia.

Sasa nikuambie langu. Wewe umesema lako.

Kule Sigi, tulipopita kumuaga, walikuwa wameilaza mikono yake kifuani. Walimwosha vizuri, lakini lami haitoki kwa sabuni. Ilikuwa chini ya kucha zote kumi. Mtu aliyepinduliwa na upepo hakwaruzi sakafu ya boti. Nilijua palepale, mwanangu. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi na wazee, nikatikisa kichwa, nikajiambia kwamba sikuona vizuri, macho yamezeeka. Barua yako ya upepo ilipokuja nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikaiweka chini ya mto.

Ndiyo maana nilizipokea boti za Sefania kabla hajamaliza kusema. Nilitaka zielee. Zikielea mwaka mzima, basi ni upepo uliomuua Elinuru. Nilikuwa tayari kuwaweka watoto wa watu kumi na wawili juu ya maji ili nipate usingizi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, na wote watatu tuliyaficha, mimi na wewe na Elinuru. Lakini nyinyi wawili mlinifichia mimi kwa heshima. Mimi nilificha kulinda sifa ya kazi yangu.

Nikitoka Mkomazi nitakuja kwako. Toa turubai kwenye boti ile, nataka kuishika kwa mikono. Mwite Yusuph awepo, na Janeth mkalishe karibu asikie. Na nikifika mlangoni, mwanangu, usiniamkie. Nina maneno ya kusema kwanza, nami nitayasema nimepiga magoti.

Nathanaeli